Nje ya kikao, mjumbe ni mteja

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha upande wa Magu ambako ukipanda juu ya jiwe unaliona ziwa, ila kulifikia ni safari. Ulitangazwa wa saa nne asubuhi, ukaanza saa sita, kama ada. Mwenyekiti wa chombo cha maji alisoma taarifa ya mapato na matumizi mbiombio, maana wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Ukerewe. Alipofika kwenye madeni akataja jumla, majina akayaruka. Mama mmoja aliyekuwa ameikalia ndoo yake aliyoipindua akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Nauliza tu, lile bomba la kwako nyumbani, dira yake inasoma ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. "Mayu, hilo tutaliweka kwenye mengineyo," akasema. Mengineyo hayakufikiwa. Mvua ilitangulia.

Swali lile limenikaa kichwani, kwa sababu limebeba karibu yote ambayo semina za uongozi huyatafuta kwa siku tatu na makabrasha mazito. Mama hakuuliza fedha zimeliwa na nani. Hakumtuhumu mtu. Alitaka kujua kama mwenyekiti, akishatoka mkutanoni na kufika kwake, anakuwa mteja kama wengine: anasomewa dira, anapata bili, anakatiwa maji asipolipa. Hoja yangu ni hiyohiyo ya mama. Mjumbe aliyechaguliwa ana mamlaka akiwa ndani ya kikao. Akitoka, yamebaki mezani. Karibu kila uchafu niliousikia au kuuona katika vyombo hivi umeanzia pale mjumbe alipoyatia mamlaka ya kikao mfukoni akaenda nayo nyumbani.

Tuwekane sawa kwanza tunamzungumzia nani. Wakazi wa jiji la Mwanza hawapigi kura kuchagua bodi ya maji. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ina bodi inayoteuliwa na waziri, na mkazi wa Igoma au Buhongwa asiporidhika na huduma, njia yake ni ofisi ya mamlaka yenyewe, kisha EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kijijini mambo ni mengine. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, ndiyo iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake vikatambuliwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vile ambavyo kwenye karatasi huitwa CBWSO na mtaani bado vinaitwa kamati ya maji au jumuiya ya watumiaji maji, jina la zamani. Hapo watu huchaguana. Jirani yako anayeuza dagaa, mwalimu mstaafu, kijana mwenye bodaboda, wanakaa mezani na kuamua habari za pampu, matangi, bei ya ndoo na mshahara wa fundi. Hii ndiyo bodi ya kuchaguliwa tuliyo nayo kandokando ya ziwa, na ina wateja wengi kuliko wanavyodhani wanaopita barabarani kwa magari.

Wenzetu wengine wanachagua bodi za namna hii kwa karatasi ya kura kabisa. Katika jimbo la Nebraska, Marekani, umeme wote unasambazwa na mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na shirika lao kubwa, Nebraska Public Power District, lina wakurugenzi 11 wanaochaguliwa na wananchi. Sacramento, California, shirika la umeme la SMUD lina bodi ya watu 7, kila mmoja na eneo lake. Mwezi Juni 1989 wapiga kura wa huko waliamua kinu cha nyuklia cha Rancho Seco kisiendelee kufanya kazi, na kikazimwa. Kinu cha nyuklia na pampu ya sola ya kijiji cha Sengerema ni vitu viwili tofauti, najua. Lakini anayeketi mezani ana kiti cha aina moja: ametumwa na watu kusimamia kitu ambacho wote wanakihitaji na hakuna anayeweza kukipata kwingine.

Sasa, huyu mjumbe kazi yake ni nini? Muulize aliyechaguliwa wiki iliyopita atakwambia, "Nimechaguliwa kuleta maji." Kosa linaanzia hapo, tena ni kosa la nia njema. Maji huletwa na fundi. Fedha huandikwa na mhasibu. RUWASA imekuwa ikisisitiza vyombo hivi viajiri watu wenye fani, fundi na mhasibu, ili mambo yasiendeshwe kwa kubahatisha. Kamati kazi yake ni kuamua na kuuliza. Inaamua bei ipendekezwe ngapi, fedha ziwekwe akiba kiasi gani, mtaa upi upelekewe bomba mwaka huu na upi usubiri, na kwa sababu gani. Halafu inauliza: maji yaliyosukumwa kutoka kwenye tangi ni uniti ngapi, yaliyolipiwa ni ngapi, na hiyo tofauti imekwenda wapi?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Mjumbe asiyejua uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, hawezi kusimamia kitu. Atasomewa ripoti, atatikisa kichwa, atasaini. Simlaumu kwa kutokujua siku ya kwanza, hakuna aliyezaliwa na hesabu za maji. Ninamlaumu akifika mwaka wa pili bado anatikisa kichwa.

Kinachotokea badala yake ni mjumbe kujigeuza msimamizi wa fundi. Fundi mmoja wa chombo cha upande wa Misungwi aliwahi kuniambia kwamba ana mabosi tisa, na wa kumi ni mke wa mwenyekiti. Huyu anampigia saa mbili usiku afungue maji mtaa wa juu kwa sababu kuna msiba. Yule anamwambia asimkate shemeji yake, atalipa pamba ikiuzwa. Wa tatu anataka koki ihamishwe kidogo tu, isogee mbele ya duka lake. Kila mmoja akisema, "Mimi mjumbe." Fundi atafanyaje? Anatekeleza, na mwisho wa mwezi kikao kinamhoji kwa nini upotevu wa maji umepanda. Wanaomhoji ni haohao waliompigia.

Angekuwapo mtu mmoja wa kumwambia fundi yule kwamba agizo la mjumbe mmoja halina uzito wowote, lingekuwa jambo la maana kuliko pampu mpya. Mjumbe hana agizo. Ana kura moja, na kura hiyo huhesabiwa pakiwa na akidi. Akiona bomba limepasuka njiani aripoti kama mwananchi mwingine, kwa namba ileile ya simu iliyobandikwa kwenye DP, kituo cha kuchotea maji. Shemeji yake akikatiwa maji, shemeji aende ofisini akaandike barua ya kuomba kulipa kwa awamu, kama mtu asiye na shemeji.

Twende kwenye bei, maana ndiko mjumbe wa kuchaguliwa anakopimwa kwelikweli. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna tabu ambayo mtu wa Dodoma hana: maji tunayaona. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, limelala pale, halina mita. Utamwelezaje bibi wa pwani ya ziwa au wa kisiwani kwamba alipie shilingi 50 kwa ndoo ya kitu ambacho babu yake alikiteka bure? Jibu ni kwamba ziwa ni la bure ila kulipandisha mlimani si bure. Maji ya Ihelele, Misungwi, yanasukumwa hadi Shinyanga na Kahama, baadaye yakafikishwa hata Tabora. Chanzo cha Butimba kilichojengwa kuongezea nguvu kile cha Capripoint kina uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, na kila lita inapanda juu kwa umeme. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Anayeishi juu kule Isamilo anajua maana ya msukumo mdogo kuliko mhandisi yeyote. Kijijini ni hivyohivyo kwa kipimo kidogo: sola ina betri na inveta zinazochakaa, dizeli inanunuliwa, TANESCO haikopeshi.

Basi inakuja kampeni ya kamati. Mgombea anasimama: "Mkinichagua, ndoo itatoka 50 hadi 30." Makofi. Chukua kijiji cha kaya 300, kila kaya ichote ndoo 4 kwa siku. Kwa shilingi 50 ni 60,000 kwa siku. Kwa shilingi 30 ni 36,000. Kila siku zinapungua 24,000, na kwa mwaka ni shilingi 8,760,000. Hiyo ndiyo ingekuwa pampu. Pampu ikifa watu watarudi ziwani, na ziwani kuna konokono wa kichocho, ugonjwa ambao familia nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria zimeuzoea mpaka zinauona wa kawaida. Kwa hiyo ile ahadi ya shilingi 20 italipwa na wale watoto, na aliyeitoa atakuwa ameshamaliza muda wake anauza mbao.

Sisemi bei ipandishwe kila kukicha. Bei ikizidi mfuko wa watu nayo inawarudisha ziwani, na chombo kinabaki na mabomba yasiyo na mteja. Ninachosema ni kwamba mjumbe mwadilifu anasimama mbele ya waliomchagua akiwa na hesabu mkononi, akawaambia gharama ni hii, hapa tunaweza kubana, hapa hatuwezi. Inahitaji moyo. Kupunguza bei kwa ajili ya kura ni takrima tu iliyobadilishiwa nguo, na takrima yenyewe, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006 katika sheria ya uchaguzi kwa sababu ilikuwa inafungua mlango wa rushwa. Tofauti ni kwamba mgombea ubunge aligawa pilau yake mwenyewe. Huyu anagawa pampu ya kijiji.

Upo mgongano wa maslahi ambao ni wa kwetu hasa na sijauona ukitajwa katika miongozo. Mjumbe ana boza la maji. Au ana guta na vijana wawili wanaozungusha madumu mitaani. Au amechimba kisima kwake, anauza. Bomba la kijiji likitoa maji vizuri, biashara yake inalala. Likikauka wiki mbili, anajenga chumba. Mtu huyo anaketi kwenye kikao kinachoamua kama betri zinunuliwe mwezi huu au mwezi ujao. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, anasali, anasaidia kwenye misiba. Lakini ukimpa mtu sababu mbili, moja ya kijiji na moja ya tumbo, usishangae ile ya tumbo ikipata maneno mazuri zaidi: "Ndugu wajumbe, tusiwe na haraka, tutafute betri zenye ubora." Dawa yake ni rahisi na inauma. Atangaze mapema kwamba ana boza, iandikwe kwenye muhtasari, na ajenda ikifika atoke nje. Atoke kweli, asikae pembeni akikohoa.

Watu wazima wanaosoma hapa wataona nimelirudia Azimio la Arusha kwa mlango wa nyuma. Ni kweli. Mwaka 1967 Azimio lilimtaka kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa wala ukurugenzi katika makampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yale yalilegezwa, na sitaki kuufungua mjadala huo leo, utatumalizia kurasa. Ila chini ya masharti yale kulikuwa na wazo ambalo halijazeeka: anayesimamia mali ya wote asiwe na duka linalostawi mali ya wote inapoharibika. Diwani na mbunge wanajaza fomu ya mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Kijijini fomu yenyewe ni macho ya majirani, na macho hayo yanaona boza limepaki wapi.

Kanda ya Ziwa haikuanza jana kuchagua watu wa kusimamia mali yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba, waliochoka na mizani za wanunuzi, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mbele, vikazaliwa vyama vya msingi na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza. Lilikuwa jambo la kujivunia. Watu waliokuwa wakiibiwa kwenye mizani walichagua kamati zao, wakamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Haikupita miaka mingi malalamiko yakageuka: sasa mizani iliyodanganya ilikuwa ya chama chao wenyewe, makarani walikuwa wengi kuliko kazi, na ajira zilifuata ukoo wa wanakamati. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza ushirika nchini, kisha ikaliweka shirikisho chini ya usimamizi wake. Likaja kuwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa kabisa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya wezi. Mimi naona kingine. Wanakamati wengi wa miaka ile hawakuiba chochote. Walikaa. Karani alisoma vitabu, wao wakasikiliza, kwa sababu kumhoji karani msomi kulionekana utovu wa adabu, na kwa sababu karani mwenyewe alikuwa mpwa wa mwenzao. Ukimya wao ndio ulioipa serikali sababu ya kuingia na kuwanyang'anya wakulima chombo walichokijenga kwa jasho. Hata leo kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, utaikuta hofu ileile ya kumuaibisha mtu kwa swali. Sisi Wasukuma na wenzetu wa ziwani tuna heshima sana kwa mtu mzima, na ni jambo jema nyumbani. Kikaoni linahitaji kubadilishwa kidogo: heshima kwa mzee ni kumwuliza swali mapema kabla deni halijawa kubwa kiasi cha kumfikisha TAKUKURU.

Nirudi kwenye lile neno la mwenyekiti, mengineyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha Kiswahili anazijua ajenda zake kama sala: kufungua kikao, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Yatokanayo ndiyo roho ya usimamizi, maana hapo ndipo kikao kinajiuliza kama kilichoamuliwa mwezi uliopita kimefanyika. Ndicho kipengele kinachopitwa haraka kuliko vyote. "Yatokanayo hakuna? Hakuna. Tuendelee." Na mengineyo, ambayo ilikuwa iwe ya matangazo madogo, imegeuka mlango wa uani. Saa tisa alasiri, watu wana njaa, wengine wameshaondoka, ndipo mwenyekiti anasema kuna jambo dogo, yule mkandarasi wa kuchimba mtaro ameomba malipo ya awali. Nani atapinga akiwa amesimama? Yako malipo yaliyopitishwa katika nchi hii kwa nguvu ya njaa ya alasiri tu.

Siku hizi mlango wa uani una simu. Kamati ina kundi la WhatsApp, na mambo huamuliwa humo usiku, kwa vidole gumba. Kufikia siku ya kikao kila kitu kimeiva, wanakutana kugonga muhuri. Wanakijiji waliokuja kusikiliza wanaona watu saba wanaokubaliana kwa haraka ya ajabu. California, kule kwa SMUD, wana sheria ya 1953 iitwayo Brown Act inayokataza wajumbe walio wengi wa chombo cha umma kujadili mambo yake nje ya kikao cha wazi, hata kwa kupitishiana ujumbe mmoja mmoja. Ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa hadharani saa 72 kabla. Sijui kama tunahitaji sheria nzito hivyo kwa ajili ya kijiji chenye DP kumi na mbili. Lakini kubandika karatasi moja ya ajenda kwenye mlango wa ofisi siku tatu kabla ya kikao, hilo halihitaji sheria. Linahitaji gundi. Na kundi la WhatsApp libaki la kuulizana kikao ni saa ngapi.

Niseme na la posho, maana wengi hulikwepa. Tunamtaka mjumbe aache mtumbwi wake siku nzima, akae kwenye kiti cha mbao akijadili valvu, arudi nyumbani mikono mitupu, halafu tunashangaa akikubali "soda" ya mkandarasi. Hilo ni la kujidanganya. Kazi ya bure mara nyingi hulipwa na mtu mwingine, na huyo mwingine haweki risiti. Afadhali mkutano mkuu upange posho ndogo inayojulikana, iandikwe kwenye taarifa, ilipwe kwa waliohudhuria tu. Nimesikia watu wakipinga kwamba uongozi wa jamii ni wito. Wito hauna nauli.

Kuna jambo ambalo wanaume hulitaja kwa kucheka, nami sitalicheka. Anayeshika ufunguo wa maji wakati wa kiangazi ana nguvu juu ya msichana aliyetumwa na ndoo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inasema, katika kifungu cha 25, kwamba mwenye madaraka akidai ngono ili atoe huduma au haki ametenda kosa. Mlinzi wa koki yumo. Mjumbe anayempangia foleni binti wa jirani naye yumo. Kikao kinachopata malalamiko ya namna hiyo hakina haki ya kuyasuluhisha kwa mbuzi.

Na wanawake wenyewe kikaoni? Sera ya Maji ya 2002 ilitilia mkazo ushiriki wao, na kamati nyingi zinao. Ukitazama vyeo utakuta mara nyingi mwanamke ndiye mtunza hazina, kwa maelezo kwamba wanawake ni waaminifu. Ni sifa nzuri yenye mtego: anatunza sanduku, ila anayeamua litoke nini ni mwenyekiti na katibu. Siku ya ukaguzi, anayeulizwa fedha ziko wapi ni yeye. Mtunza hazina ambaye hawezi kusema hapana ni sanduku lenye miguu.

Kuhusu mjumbe aliyeshindwa kwa kura nitasema kwa kifupi. Ana haki ya kutaka pingamizi lake liandikwe, na ana haki ya kulieleza akiulizwa. Hana haki ya kwenda mwaloni jioni akawaambia watu wasilipe.

Nilipita tena kijijini pale kiangazi kilipokolea. Kwenye mlango wa ofisi ya chombo palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye majina ya wadaiwa na kiasi cha kila mmoja, usomaji wa dira wa mwezi uliopita na wa mwezi huu. Jina la mwenyekiti lilikuwa la nne kutoka juu. Nikamwuliza fundi nani kaibandika.

"Mimi. Kikao kiliagiza."

"Na mwenyekiti alikuwapo?"

"Alikuwapo. Ndiye aliyesaini muhtasari."

Yule mama nilimkuta kwenye DP, ndoo yake ileile ya bluu ikijaa taratibu, maana msukumo ulikuwa mdogo siku ile. Tulisalimiana, nikamkumbusha swali lake la chini ya mwembe, akaficha kicheko kwa upande wa khanga. Nikamwuliza kama mwenyekiti ameshalipa.

"Nusu," akasema, akafunga koki, akaomba nimsaidie kujitwisha.